Wakili wa Esau

Ukitaka kumchokoza Godlisten, mtaje Yakobo kwa wema. Huhitaji kumtukana wala kumkanyaga mguu. Sema tu, "Yakobo, baba yetu wa imani," halafu kaa pembeni uone mzee wa miaka sitini na mbili anavyovua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anairudisha puani na kuanza. Mchungaji Lusekelo alimpa darasa la Biblia la watu wazima kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kufika saa tatu asubuhi ya Jumapili. Kwa miaka minane, katika ukumbi wa kupanga wa kanisa letu pale Landover, karibu na Washington, katikati ya ghala la matairi na ghala la samani, Esau hajawahi kushindwa kesi hata moja.

"Mwizi!" angesema, akigonga meza. "Kamwibia kaka yake baraka kwa kuvaa ngozi ya mbuzi. Halafu leo ninyi mnawaita watoto wenu Yakobo. Mtaita lini mtoto Esau? Semeni!"

Tuliinamia Biblia zetu. Nani ajitie kidole machoni?

Hata Ibrahimu hakupona. Sisi watu wa kuhama tunampenda Ibrahimu, na mahubiri yake hayatuchoshi: katoka kwao, kaacha ndugu, kaenda nchi asiyoijua, Mungu kambariki. Godlisten alikuwa anasonya. "Ibrahimu alihama na ng'ombe na watumishi. Wewe ulishuka uwanja wa ndege Januari na sweta la kuazima. Msijilinganishe." Alikuwa na mtu wake mwingine, Hadadi, ambaye nusu yetu hatukuwahi kumsikia: mtoto wa mfalme wa Edomu, aliyekimbilia Misri wakati jeshi la Daudi linawachinja wanaume wa kwao. "Huyo ndiye mhamiaji mwenzenu. Lakini hamumhubiri, kwa sababu aliyemfukuza ni mfalme mnayempenda."

Na kulikuwa na kipande alichokipenda kuliko vyote: Yakobo anarudi baada ya miaka ishirini, anaogopa, anamwona Esau kwa mbali na kuanza kuinama hadi chini. Mara moja, akasogea, mara ya pili, mpaka mara saba. Godlisten alizihesabu zote saba kwa kugonga meza, taratibu, anakula raha. Sisi tulidhani ni mapenzi ya Maandiko. Kumbe mwenzetu alikuwa anamsubiri mtu.

Kuna jambo lingine mnapaswa kulijua: Godlisten hakanyagi sehemu ya mimea dukani. Yale maduka makubwa ya mbao na rangi, anaingia vizuri, ananunua misumari, lakini akifika penye vyungu vya maua anageuka kama kaona nyoka. Genoveva, mkewe, ndiye anayenunua udongo na mbegu za mchicha. Sababu ni isale.

Kwao Machame, isale si pambo. Mzee akigawa kihamba, yaani lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, mpaka anaupanda kwa masale. Mtu akifa, kaburi lake linapandwa masale. Na aliyekukosea akija mlangoni kwako na jani la isale mkononi, umekwisha: hata kama alikuchomea nyumba, unasamehe. Anayelikataa anajitafutia laana, yeye na kizazi chake. Godlisten, pamoja na Ulutheri wake wote na miaka yake ishirini na nne Marekani, kwa hilo hakuwa na utani. Sasa Wamarekani, Mungu awasaidie, wanaliuza isale kwenye chungu kama ua la sebuleni, karibu na mifuko ya mbolea. Mtu yeyote anaweza kulinunua akaja kugonga kwako.

Na mtu huyo alikuwapo. Aliitwa Leonard, mdogo wake wa tumbo moja.

Baba yao alikuwa na wana hawa wawili tu. Kwa mila, mkubwa anapewa kipande chake cha kihamba, na mziwanda anabaki na nyumba ya wazazi awatunze. Mzee aliupanda mpaka kwa mkono wake mwenyewe mwaka aliokufa, masale mstari mmoja kuanzia njiani hadi mfereji, akawasimamisha wanawe kila mmoja upande wake waone. Upande wa Godlisten ulikuwa tambarare, una kahawa nzuri. Wa Leonard ulikuwa mteremko.

Godlisten akaenda Dar kuendesha gari, akapata ofisa wa ubalozi aliyempenda kwa kuwa hapigi honi ovyo, akaletwa Washington na familia ile. Bosi alipomaliza muda wake Washington na kurudi kwao, dereva alibaki. Alifua mashuka ya hoteli, alilinda maegesho, kisha akapata kazi ya kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, kwenye ghala pale Landover. Huko ndiko magoti yake yalikoharibikia, miaka kumi na saba ya kupanda na kushuka kwenye chuma, kwenye sakafu ya saruji. Siku hizi akitaka kuinuka kwenye kiti anamshika jirani.

Miaka kumi na moja iliyopita binamu yao Flaviana alimtumia picha kwenye simu. Mstari wa baba haukuwapo. Masale yameng'olewa, yamelundikwa kando kama magugu, kahawa imekatwa, na nyumba ya matofali inapanda juu ya ile tambarare. Godlisten alikuwa amepumzika, anakula mkate. Alimpigia Leonard palepale, akamtukana kwa Kichaga, akamtukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza ili kisibaki kitu. Kisha akafunga. Mama yao alipofariki miaka miwili baadaye, hakwenda kumzika. Alisema hawezi kukanyaga nchi iliyotekwa.

Aisee, kuna watu wanajua kuchukia. Wengine tunachukia kwa msimu, njaa ikitukamata tunasahau. Huyu alichukia kama mtu anayetunza ng'ombe wa maziwa, asubuhi na jioni.

Halafu Mungu naye ana mambo yake: Leonard akashinda bahati nasibu ya green card. Akaja na mkewe, akapanga Manassas, kule Virginia, akapata kazi ya kutengeneza malori. Ndugu wawili, mto Potomac katikati, mwendo wa saa moja kama barabara haijafunga. Mara tatu Leonard alivuka akaja mlangoni kwa kaka yake, na mara tatu Genoveva alichungulia kwenye kitundu cha mlango akaona majani marefu ya kijani.

"Usifungue," Godlisten alimwambia, akaongeza sauti ya televisheni. "Jani usiloliona huwezi kulikataa."

Ndiyo sheria aliyojitungia, na aliiona safi kabisa. Hakukataa isale. Hakuliona tu. Leonard alisimama nje mpaka akachoka, akaenda zake.

Mwaka huu ndipo yalipoiva. Mchungaji Lusekelo alipanga masomo ya Januari: safari za mababa, kisha vita vya wafalme na Edomu. Na mwezi huohuo, kikundi cha Waswahili cha kule Virginia kilinyang'anywa ukumbi wake, watu wake wakaja kusali kwetu. Jumapili ya kwanza, darasa likiwa limeshika moto, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamume mwenye masharubu ya mvi na mikono isiyotoka mafuta ya gari hata ikisuguliwa vipi. Alikaa kiti cha nyuma. Pua ileile, paji lileile. Hatukuhitaji kuambiwa.

Godlisten alimwona, akaongeza sauti.

"Saba!" alisema, akagonga meza. "Mara saba alilamba vumbi huyo mwizi wenu!"

Jerotich, nesi wetu kutoka Eldoret, mwanamke asiyejua kunyamaza, akanyoosha mkono. "Mwalimu, pole kukukata. Lakini si mara moja inatosha? Mtu akiinama mara moja na roho safi, hizo zingine sita ni za nini?"

"Haitoshi." Godlisten hakuwa anamtazama Jerotich. "Mtu aliyeng'oa mpaka wa ndugu yake, hata saba ni chache."

Mtu wa nyuma alitoa kalamu mfukoni akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono, akaondoka kabla ya ibada.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa. Watu waliokuwa wakija saa tano kwa ajili ya chai tu walifika saa tatu kasoro. Umbea ni neema, unaamsha hata wafu. Genoveva alikaa safu ya mbele, mkoba magotini. Leonard alikuwa kiti chake cha nyuma.

Somo lilikuwa Edomu. Na niseme ukweli, Godlisten siku ile alifundisha kama hajawahi. Alieleza jinsi kizazi cha Esau kilivyokaa milimani Seiri, hakimdai mtu. Jinsi wana wa Yakobo walivyotoka Misri wakaambiwa wasiwaguse, kwa kuwa ni ndugu. Halafu, miaka mingi baadaye, Daudi akapata nguvu. Akawapiga bondeni, akaweka askari wake nchi nzima, na jemadari Yoabu akakaa miezi sita akiua kila mwanamume.

"Miezi sita!" Godlisten aligonga meza. "Kwanza alimnyang'anya baraka. Kisha akamwinamia, akamkumbatia, wakalia pamoja. Halafu akaja kuchukua na nchi. Hivi ndivyo ndugu walivyo. Anayekuinamia leo, kesho atakujengea juu ya shamba lako!"

"Kaka," alisema Leonard. Alikuwa amesimama. "Umeanzia katikati."

"Kaa chini."

"Umeanzia katikati, kaka. Miaka yote unaanzia katikati. Rudi mwanzo. Ile siku Esau katoka porini, kachoka, anataka mchuzi wa dengu. Alisema nini kwa kinywa chake? Alisema uzaliwa wa kwanza utanifaa nini mimi. Alisema au hakusema?"

"Alikuwa na njaa!"

"Alisema au hakusema?"

"Mtu mwenye njaa huwezi kumshika kwa neno lake! Huo ndio wizi wenyewe!"

"Sawa. Na Seiri, alifukuzwa? Si alihama mwenyewe, kwa sababu nchi haikuwatosha wote wawili?" Leonard alisogea mbele, kiti kwa kiti. "Mwaka ule mama hawezi kutembea, choo kiko nje, chini ya mteremko, namshusha na kumpandisha mgongoni mara sita kwa siku. Nilikupigia nikakuomba sehemu ndogo tu ya tambarare nimjengee chumba chenye choo ndani. Ulinijibu nini?"

"Hukunipigia."

"Ulisema, ng'oa hayo masale, jenga unavyotaka, mimi hapo sirudi, kihamba kitanifaa nini. Nikakuuliza mara ya pili, kaka umesikia ulichosema? Ukasema, usinisumbue nakula."

"Mwongo!" Sauti ilimpasuka. "Mwongo, mwana wa mwongo!"

"Baba yetu ni mmoja," Leonard alisema, na safari hii na yeye alikuwa anafoka. "Mama alisikia. Simu ilikuwa kifuani kwake. Alilia, kisha akaniambia ng'oa, kaka yako amesema. Mimi kosa langu ni moja, niling'oa mpaka wa baba bila kuita wazee. Kwa hilo nimekuja kwako na isale mara tatu, ukanisimamisha kwenye theluji kama muuza vyungu! Na ulimwacha mama azikwe na mimi peke yangu. Mimi ndiye Yakobo? Muulize shemeji, alikuwa pembeni yako siku ile, kama naongopa. Muulize!"

Macho yote yakamgeukia Genoveva. Alikuwa ameufungua mkoba wake, anatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

"Aki ya Mungu," alinong'ona Jerotich.

Mchungaji Lusekelo akaingia kwa haraka, mikono juu, akatangaza wimbo. Leonard alitoka akaubamiza mlango nyuma yake.

Ndani ya gari Godlisten hakuwasha injini. Walikaa wakitazama ukuta wa ghala la matairi.

"Mama Vaileth," alisema, "sema ni mwongo."

Genoveva aliutazama mkoba wake uliokuwa bado wazi. "Ulisema."

"Lini?"

"Ulikuwa umetoka shifti mbili mfululizo. Nilikupikia mtori wa ndizi. Simu ikalia, ukaiweka sikioni na bega huku unakula. Ukasema maneno yaleyale aliyoyasema Leonard, mdomo umejaa. Ukamaliza bakuli, ukalala palepale kwenye kochi. Kesho yake hukukumbuka hata kama kuna mtu alipiga."

"Miaka kumi na moja." Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili. "Umekaa na mimi miaka kumi na moja unajua. Mama amekufa unajua! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia picha ilipokuja. Ulivunja sahani, ukaniuliza nimehongwa nini. Nikakuambia tena mama alipofariki, ukahamia sebuleni wiki tatu. Baba Vaileth, wewe ulitaka mtu wa kumchukia. Nikaona kama si Leonard nitakuwa mimi, na mimi ndiye ninayelala na wewe nyumba moja." Alifunga mkoba. "Nilikosea. Lakini sikuwa na pa kukimbilia."

Ningependa kuwaambieni kwamba Godlisten alilia akatubu. Hakulia. Alitukana. Alimtukana Leonard, akamtukana Flaviana na picha yake, akamtukana aliyevumbua simu. Aliendesha gari akitukana mpaka wakalipita jengo lao, na Genoveva hakumuuliza wanakwenda wapi. Kisha akaegesha mbele ya duka kubwa la mbao na rangi.

"Kaa hapa," alisema.

Alipita misumari, akapita rangi, akafika penye vyungu. Alisimama pale kwa hasira kama mtu aliyeitwa polisi. Masale yalikuwa mengi, kila kimo, majani mapana yenye mstari wa njano katikati. Kwao jani moja linatosha, na hapa jani moja hawauzi. Ilimbidi anunue mti mzima, unamfika kiunoni, chungu na karatasi ya bei vikiwa bado juu yake. Alipotoka nao watu wakampisha njia. Aliufunga mkanda kwenye kiti cha nyuma.

Genoveva aligeuka akautazama, akageuka tena mbele. Wakavuka mto.

Leonard anakaa Manassas kwenye zile nyumba zilizoungana, ngazi tatu za saruji hadi mlangoni. Godlisten alizipanda akiwa ameukumbatia mti, kila ngazi goti linamlilia. Upepo wa Januari uliyapiga majani yakamchapa usoni. Akabonyeza kengele.

Kitundu cha mlango kikawa cheusi. Kuna mtu alikuwa anachungulia.

Akasubiri. Mlango haukufunguliwa. Ndani, taratibu, sauti ya televisheni ikaanza kupanda.

Alijua hapohapo. Nani asingejua kitu alichokitengeneza mwenyewe? Angeweza kugeuka. Gari liko pale, mke yuko ndani, na darasa lake Landover lingempokea wiki ijayo na hadithi mpya ya ubaya wa Yakobo. Tena tungemwamini, wengine wetu.

"Leonard!" alipiga kelele. "Nimeleta isale!"

"Sijaliona," ilijibu sauti nyuma ya mlango.

"Nilisema! Umesikia? Yale maneno niliyasema mimi. Genoveva kaniambia. Nilikuwa nakula, nikasema!"

Televisheni ikapungua kidogo.

"Na mama?" Sauti ilikuwa karibu sasa, upande wa pili wa ubao. "Mama alikuuliza mpaka siku ya mwisho. Alisema Godi atakuja kwenye mazishi, hawezi kukosa. Nikaliacha kaburi wazi siku mbili nikikusubiri. Siku mbili, kaka. Watu wakaanza kuninong'ona. Na hilo nalo umelileta kwenye chungu?"

Godlisten aliupandisha mti vizuri kifuani. Mtu aliyeitetea Edomu miaka minane, leo hakuwa na hoja hata moja.

"Nimelileta," alisema mwishoni, polepole. "Na hilo nalo nimelileta."

Televisheni ikazimwa. Kisha kiganja kikabandikwa kwenye kioo chembamba kando ya mlango. Wino ulikuwa umefifia kwa kunawa na kuandikwa upya wiki nzima, lakini aliusoma. Ilikuwa namba moja tu, imeandikwa kubwa: 7.

"Hata hizo ni chache," alisema Leonard. "Wewe ndiye uliyefundisha."

Genoveva, ndani ya gari, alimwona mumewe akiuweka mti chini, akivua koti na kuyafunikia majani yasiungue kwa baridi. Kisha akashika ukuta kwa mkono mmoja, akakunja goti lake bovu, akaanza na ya kwanza.